Mitarakwa yetu inakauka kuanzia juu: ni ndevu, ni kiangazi, au mti wenyewe unaisha?

*"Nakaa juu kidogo ya Maralal, huku Samburu, Kenya, shamba letu linapakana na msitu wa Kirisia. Tuna mitarakwa mikubwa ambayo marehemu baba aliikuta ikiwa mikubwa vile vile. Tangu kile kiangazi kibaya imeanza kukauka, inaanzia juu inashuka, mingine upande mmoja umekufa na mwingine bado ni kijani. Yote imejaa zile ndevu za kijivu. Jirani anasema ndevu ndizo zinanyonya mti, tuzitoe tuchome. Ndugu yangu anasema tukate yote sasa tuuze posti kabla haijaoza halafu tupande mipya. Mwaka jana nilinunua miche 200 ya sida, yaani mtarakwa, kwa nasari, leo sidhani kama imebaki 10. Watoto wananiuliza kama huu mti utaisha kabisa. Nifanye nini?"*

Asante kwa swali, na asante zaidi kwa kuuliza kabla ya kuita mtu wa pawa so, ule msumeno wa injini. Nikikusoma vizuri hapa kuna maswali matatu yamefungwa pamoja: nini kinaua ile mikubwa, je ukate, na mbona mipya haishiki. Nitajaribu yote, lakini nikwambie mapema kwamba hilo la tatu ndilo linaniumiza kichwa kuliko mengine, na wewe umelitaja kama jambo la kupita tu.

Tuanze na ndevu maana ndizo kila mtu anazilaumu. Zile nyuzi za kijivu-kijani zinazoning'inia si mmea unaonyonya mti, ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, hazina mizizi inayoingia ndani ya mti, zinapata maji yake kwa ukungu wa asubuhi na chakula chake kwa jua. Zimeshika tawi tu, basi. Sasa mbona zinaonekana nyingi kwa mti unaokufa? Kwa sababu tawi likishapoteza majani jua na hewa vinaingia na ndevu zinapata nafasi ya kutanda, kwa hivyo wewe unaona ndevu na kifo pamoja unafikiri moja imeleta nyingine, kumbe kifo ndicho kilianza. Usihangaike kuzikwangua. Na kuzichoma ndiyo mbaya kabisa, gome la mtarakwa ni jembamba, limechanika-chanika kama nyuzi kavu, moto ukigusa chini unapanda mpaka juu na unaweza kumaliza mti ambao ungeishi miaka mingine mingi.

Lakini jirani yako hajakosea kila kitu, maana kuna kitu kingine kweli kinanyonya mtarakwa na watu wengi hukichanganya na ndevu au hawakioni kabisa. Ni kimelea kidogo sana, vijiti vya rangi ya kijani inayoelekea njano, havina majani ya kuonekana, virefu sentimita chache tu, vinachomoza moja kwa moja kwenye ngozi ya tawi. Mahali vilipo tawi huvimba, na mara nyingine vitawi vinajikusanya vingi pamoja vinakuwa kama fagio. Hiki kina mizizi ndani ya mti na kinakula kwake. Tunda lake likiiva linapasuka na kurusha mbegu yenye gundi mita kadhaa mpaka tawi la jirani, ndiyo maana ukikikuta kwa mti mmoja angalia na ile iliyo karibu nao. Dawa yake ni kukata tawi lote lililoshikwa, ukate karibu na shina, ukate mapema. Kama kimeenea mti mzima hata usipande mitarakwa midogo chini yake.

Sasa kiangazi. Nyinyi huko hamuhitaji kuelezwa, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu 5 ya mvua ilikataa mfululizo. Watu wanajiuliza mti uliozoea ukame unakufaje na ukame. Mtarakwa hauogopi kiangazi kwa namna miti mingine inavyoogopa, miti mingi jua likizidi inafunga vitundu vya majani au inaangusha majani kabisa inalala, huu unaendelea kuvuta maji hata udongo ukiwa mkavu sana, na mbao yake imetengenezwa kuhimili huo mvutano. Hiyo ndiyo nguvu yake na ndiyo hatari yake. Kiangazi cha kawaida unakipita huku wengine wamelala. Kiangazi kisichoisha kinaufikisha mahali maji yanakatika ndani ya mti, hewa inaingia kwa njia za maji, na njia iliyoingia hewa ndiyo imekufa hiyo. Sehemu ya kwanza kukosa ni ile ya mbali zaidi kutoka kwa mizizi, yaani kilele.

Na ule upande mmoja uliokufa huku mwingine kijani, hilo nalo lina sababu. Kwa miti ya jamii hii mzizi wa upande fulani unalisha zaidi matawi ya upande wake, fikiria mipira kadhaa ya maji imefungwa pamoja kuliko bomba moja kubwa, mmoja ukiziba ile mingine inaendelea. Kwa hivyo mtarakwa nusu mfu unaweza kuwa ni mti ulioamua kuacha sehemu ili sehemu nyingine iishi, na ukaendelea hivyo miaka mingi, unazaa mbegu kama kawaida. Usiuhesabu maiti. Pia kuna mingine ambayo itakufa sasa hivi mvua ikiwa imerudi na watu watashangaa, maana jeraha la kile kiangazi huwa halionekani lote mara moja.

Kitu kingine ambacho watu hawakipi uzito ni ukungu. Kwa milima mikavu kama yenu sehemu ya maji ya msitu haishuki kama mvua, inakamatwa na majani na hizo hizo ndevu asubuhi na mapema, ndiyo chini ya mtarakwa unakuta udongo una unyevu wakati nje ya kivuli ni vumbi. Ukipunguza miti, ukungu unapita juu kwa juu unaenda zake. Kwa hiyo kila mti mkubwa unaoanguka unaifanya iliyobaki, na hasa midogo, iwe na maisha magumu zaidi.

Kabla sijaacha magonjwa, mawili ya kuchunguza. La kwanza ni kuvu inayokula kiini, ule mti mwekundu wa ndani wenye harufu. Nje unaweza usione chochote ila kitu kigumu kama kwato ya ng'ombe kimeota kwenye shina, mara nyingi pale tawi lilipovunjika zamani au moto ulipopita, ukikivunja ndani kina rangi ya kutu. Mti wenye hicho unaweza kuwa kijani kabisa huku ndani una mashimo. La pili ni vidukari vya saiprasi, wadudu wadogo wanaonyonya utomvu, hawa si wenyeji wetu, walionekana Malawi mwaka 1986 na kufikia 1990 walikuwa wameshaingia Kenya, wakamaliza saiprasi nyingi za mashamba na mtarakwa nao wanaupenda kwa sababu ni ndugu. Dalili yao ni majani kugeuka kahawia kuanzia ndani ya mti kwenda nje, si kutoka kileleni, na chini yake kila kitu kinanata halafu kinakuwa cheusi kama masizi. Wewe umesema inaanza juu kwa hivyo sidhani ni wao, lakini ukiwa na ua wa saiprasi karibu fungua matawi uangalie.

Haya, watoto wanauliza kama mti utaisha. Waambie ukweli wa sehemu mbili. Mtarakwa kama aina ya mti hauko kwenye orodha ya ile inayokaribia kutoweka duniani, upo kuanzia milima ya Saudi Arabia na Yemen, Eritrea, Ethiopia, Kenya, Uganda, unashuka Tanzania ambako wanauita mwangati, mpaka uwanda wa Nyika kule Malawi ambako kuna kimsitu cha mwisho kabisa upande wa kusini. Hiyo ni sehemu ya kwanza. Ya pili ni kwamba mti unaweza kuwa salama duniani na ukaisha kwenu. Djibouti wana msitu mmoja wa maana tu wa huu mti, unaitwa Day, uko kwenye milima ya Goda, mlima mkavu unaozungukwa na jangwa, na sehemu kubwa ya mitarakwa yake imekufa ikiwa imesimama, na pamoja nayo yuko hatarini kwale mmoja ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote. Saudi Arabia kule Asir miti inakufa kuanzia upande wa chini wa mlima, ile ya juu yenye ukungu ndiyo inasimama bado. Ethiopia maeneo mengine mitarakwa mikubwa iliyobaki ni ile ya kwenye viwanja vya makanisa, nje ya ukuta hamna kitu. Mlima mkavu hauna pa kukimbilia, juu ni kilele na chini ni joto. Kirisia ni mkubwa, ni hekta 90,000 na zaidi, kwa hivyo nyinyi hamjafika huko, lakini njia ni hiyo hiyo.

Ndiyo nikasema swali lako la tatu ndilo zito. Miti mizee kufa si ajabu, kila msitu wazee hufa. Kesho asubuhi nenda ukatembee polepole kwenye shamba uangalie chini, si juu. Je unaona mitarakwa yenye urefu wa goti? Ya kufika kiuno? Ya unene wa mkono? Kama unaona mizee tu na hakuna watoto, basi hata ile mikubwa yote ingepona leo bado msitu wako umeshasimama kuzaa.

Kwa nini hakuna watoto? Kwanza ujue kuna mti dume na mti jike. Dume hutoa unga tu wa njano, jike ndiye anabeba vile vitunda vidogo vya duara, kwanza kijani halafu buluu nyeusi kama vimepakwa unga mweupe. Watu wengi hawajui hili, wanakata bila kuangalia na mwishowe wamebaki na madume matupu. Funga kitambaa kwa kila jike ulilo nalo, hata lile la nusu mfu, hayo ndiyo usiguse kabisa. Pili, ndege wanakula vitunda na kuangusha mbegu popote wanapotua, na wanatua kwenye vichaka, kwa hiyo tafuta miche kule vichakani. Tatu, mbegu nyingi ni tupu, ndani hamna kitu. Nne, mtoto wa mtarakwa anataka mwanga, chini ya mama yake kwenye giza hakui, ila nje kwenye jua kali la huko kwenu naye anakauka mwaka wa kwanza, anataka katikati, pembeni mwa kichaka. Na mwisho ni mifugo. Mbuzi hapendi sana ile harufu ya majani yake lakini njaa haichagui, halafu kinachoua zaidi ni miguu, ng'ombe wakipita hapo hapo kila siku udongo unakuwa kama lami, mzizi mdogo hauingii na maji hayaingii.

Miche 200 sasa. Usijilaumu, ila tujiulize kama ilikuwa mitarakwa kweli. Nasari nyingi ukiomba sida unapewa saiprasi, wakati mwingine muuzaji mwenyewe hajui tofauti. Mche wa mtarakwa unakua polepole na majani yake yanachoma vidole kwa muda mrefu, saiprasi unakimbia haraka na unalainika mapema. Kwa miti mikubwa ni rahisi zaidi, saiprasi inazaa vifundo vigumu vya mbao vinavyopasuka, mtarakwa unazaa kitunda laini. Angalia ile 10 iliyobaki, kama imeshakupita kiuno kwa mwaka mmoja huo si mtarakwa ndugu yangu. Na kama ilikuwa yenyewe nahisi ilikufa kwa mambo ya kawaida: imekaa kwenye mfuko mdogo mpaka mizizi ikajikunja, imetoka kwenye kivuli na kumwagiwa maji kila siku ikapelekwa moja kwa moja kwenye jua, imepandwa sehemu wazi kwenye mistari iliyonyooka kama mahindi. Hiyo mistari inapendeza kwenye picha lakini mlima mkavu hautaki mistari.

Kwa hiyo mimi ningekuwa wewe, pesa za miche 200 mingine ningezitumia kulinda ile iliyojiotea yenyewe. Mche uliojiotea mzizi wake umeshafika mahali maji yalipo na umeshaivumilia angalau kiangazi kimoja, mmoja huo nauthamini kuliko kumi ya mfukoni. Ukiuona, uzungushie matawi ya miiba, boma dogo la kufika kifua, uache kichaka kinachoukinga hata kama kinaonekana ni takataka. Usipalilie mpaka chini kabisa. Na mahali unaona vichaka vingi na jike moja au mawili karibu, hapo ziba kipande chote mifugo isiingie.

Najua kuziba ni rahisi kwa mimi ninayeandika. Kiangazi kikija hayo majani ya ndani ndiyo utayatamani, na ndugu watakuuliza unafugia nani nyasi. Ndiyo maana sisemi uzibe shamba zima. Anza na kipande ambacho hata ukikikosa mifugo haitalala njaa, ukiache mpaka miche ipite urefu wa mdomo wa ng'ombe, hiyo ni miaka si miezi, halafu uhamishe miiba kipande kingine. Na nyasi za humo si lazima zipotee, unaweza kuingia na panga ukazikata kwa mkono ukiangalia unapokata.

Ukitaka bado kupanda, na si vibaya mahali ambapo hakuna jike karibu, chuma vitunda vilivyoiva kwa majike kadhaa tofauti ya huko huko kwenu, siyo mti mmoja tu. Loweka, sugua utoe nyama, halafu tia mbegu kwenye maji, zinazoelea tupa, zinazozama ndizo. Hata hizo nyingi hazitaota na zitachelewa, usikate tamaa ukamwaga kitalu mapema. Wiki za mwisho kabla ya kupanda punguza kivuli na maji pole pole mche uzoee taabu. Panda mvua ikiwa imeshalowesha udongo kwenda chini, si ile mvua ya kwanza ya kudanganya, na uweke mche upande wa mashariki wa kichaka ili upate jua la asubuhi na ule mkali wa alasiri uzuiwe.

Tuje kwa ndugu yako na posti. Naelewa hesabu yake, posti ya mtarakwa inakaa ardhini miaka mingi, mchwa wanaikwepa, na soko lipo siku zote. Lakini hiyo sababu ndiyo imemaliza mitarakwa sehemu nyingi. Kukata yote leo ni kukata pamoja na majike, pamoja na kivuli, pamoja na vituo vya ndege, halafu unategemea miche ambayo umeshaona inavyofanya. Na hoja yake ya kwamba itaoza haraka si kweli, ule mwekundu wa ndani ni mgumu kuoza, mtarakwa mkavu unasimama miaka mingi bado una posti ndani yake, ile haraka anayoiona haipo. Ulio kijani hata kwa tawi moja uache. Uliokufa kabisa, yaani umekwangua gome pande zote nne za shina na hakuna unyevu wala kijani, huo unaweza kuuongelea, ila acha baadhi kwa ajili ya ndege wa kwenye matundu na nyuki. Na hata kwa shamba lako usikate wala kusafirisha bila kwenda kwanza kwa foresta wa KFS, shirika la misitu la serikali, mtarakwa ni mti wa asili na ukishikwa na lori la posti bila karatasi kesi yake ni kubwa kuliko hela ya posti. Kwa ua wako mwenyewe tumia posti za mkaratusi zilizotiwa dawa au panda ua wa miti hai, hazidumu sawa lakini zinatosha.

Ng'ambo ya mpaka wa shamba lako, ndani ya msitu wenyewe, peke yako hutaweza. Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu wananchi kusimamia msitu wa serikali pamoja na KFS kupitia chama cha msitu, kwa Kirisia chama kipo, kama hujajiunga jiunge, maana kama jirani zako wote wanachunga juu ya miche basi hicho kipande chako kitabaki kisiwa.

Kuna hali ambazo maneno yangu hayatoshi na unahitaji mtu aje aone kwa macho. Mti wenye ile kwato ya kuvu ukiwa karibu na nyumba, njia ya watoto au mahali mifugo inalala, usingoje, ita foresta auangalie, maana huo huanguka bila upepo. Ukiona miti inakufa kwa kundi, mmoja katikati halafu inayouzunguka halafu inayozunguka hiyo, huo si ukame wa kawaida, kunaweza kuwa na ugonjwa wa mizizi na watu wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, ndio wenye maabara ya kuthibitisha. Vile vile ukiona ile hali ya kunata na masizi niliyoitaja.

Ukipeleka sampuli, kata tawi ambalo lina sehemu hai na sehemu inayokufa pamoja, lile lililokauka kabisa halisemi kitu. Lifunge kwa gazeti, si mfuko wa plastiki, ndani ya plastiki linatoa jasho na kuota kuvu nyingine njiani. Andika tarehe, mahali, upande wa mlima, na kama mti ni dume au jike, halafu lifike ndani ya siku mbili tatu.